MAMA, UCHOVU WAKO SI UVIVU

Mazungumzo na akina mama wanaongojea kliniki

 

Ninawaona mmekaa hapa tangu asubuhi. Wengine mmetoka Kavimvira, wengine Mulongwe, wengine Kalundu, na wengine mmeshuka kutoka milimani wakati jua halijatoka. Mmeleta watoto wapimwe uzito. Wengine mmeleta mimba zenu. Leo sitafundisha juu ya chanjo, wala juu ya uji wa mtoto. Leo nataka tuongee juu yako wewe mwenyewe, mama. Mtoto wako anapimwa kila mwezi, na uzito wake unaandikwa kwenye fishi. Wewe je, nani anakupima? Mzigo wako unaandikwa wapi?

KOSA LANGU

Mimi ni muuguzi, na kazi yangu ya kila siku ni kufundisha vijana wanaotaka kuwa wauguzi. Umri wangu umepita miaka arobaini, nami pia ni mama. Kabla sijawafundisha ninyi, nitaungama kosa langu.

Mama mmoja alikuja kwangu akasema kichwa kinamuuma. Nikampa vidonge, nikamwambia, "Upumzike, mama." Wiki mbili zikapita, akarudi. Sasa ni mgongo. Nikampa dawa ya kupaka, nikamwambia tena, "Upumzike, mama." Akarudi mara ya tatu: usingizi hakuna, moyo unapiga mbiombio. Nikapima tensio, ilikuwa sawa. Tukatazama damu, haikupungua. Malaria hakuna. Nikamwambia maneno yale yale.

Mara ya nne alicheka. Lakini kicheko chake hakikuwa cha furaha. Akasema, "Munganga, kila siku unaniambia nipumzike. Mimi nikipumzika, nani atabeba?"

Sikuwa na jibu. Nikaweka kalamu chini. Nikamwuliza neno ambalo ningepaswa kumwuliza tangu siku ya kwanza: "Mama, unihesabie siku yako."

Akahesabu. Anaamka saa kumi ya usiku. Anakwenda kando ya ziwa kungojea mitumbwi iliyovua usiku kucha, agombanie ndagala pamoja na wanunuzi wengine. Jua likitoka yuko njiani, beseni kichwani na mtoto mgongoni. Anauza mpaka saa tano. Anarudi nyumbani, anachota maji bidoni mbili, anatafuta makala, anasonga bugali. Saa nane anapanda kwenye shamba la mihogo. Jioni anarudi na kuni. Usiku anafua, na wote wakilala yeye anahesabu madeni. Nyumba yao ya kwanza ilichukuliwa na maji mto Mulongwe ulipofurika katika Aprili 2020, na tangu siku ile wanalipa kodi. Bwana yake alikwenda mbali kutafuta kazi. Miezi mitatu hajatuma kitu.

Kisha akasema kwa sauti ndogo, akitazama chini: "Kuna usiku mwingine naomba kusikuche."

Wamama, sikuyasikia maneno hayo mara tatu za kwanza kwa sababu sikuuliza. Nilimtuma nyumbani na vidonge, naye alikuwa akirudi na neno kubwa namna ile moyoni. Basi nimeamua kutomwambia tena mama yeyote "upumzike" halafu nikamwita anayefuata. Nimetafuta njia nyingine, za mtu asiyeweza kuacha kazi. Baadhi zitawachekesha. Chekeni tu, lakini mzijaribu.

UCHOVU UNAFANYA NINI NDANI YA MWILI

Fikiri unachota maji kwenye maingilio ya mto Ruzizi, ghafula kiboko anatokeza kichwa karibu nawe. Mwili wako haungoji amri. Moyo unapiga mbio, pumzi inakuwa fupi, mishipa ya shingo na mgongo inakaza, tumbo linasimamisha kazi yake. Mwili umejitayarisha kukimbia. Ni zawadi njema, inakuokoa. Kiboko akirudi majini, mwili unatulia polepole.

Sasa, deni ni kiboko asiyerudi majini. Beseni la ndagala ambazo zitaoza kabla ya jioni ni kiboko. Mtoto anayekohoa, mwenye nyumba anayebisha hodi, habari za vita zinazopita sokoni, hao wote ni viboko. Mwili unakaa tayari kukimbia asubuhi, mchana na usiku. Ndiyo maana shingo inauma, kichwa kinagonga, tumbo linawaka, na usingizi unakimbia ingawa umechoka kabisa. Ndiyo maana unampiga mtoto kwa kosa dogo, halafu unalia peke yako.

Na wewe unayenyonyesha, sikiliza. Mama akiwa na wasiwasi mwingi, maziwa yanaweza kuchelewa kutoka. Hayajakauka wala hayajaharibika. Ni mlango tu umekaza. Usikimbilie kumpa mtoto mchanga maji au uji. Kaa, tulia kwa njia nitakazosema, umweke tena kifuani.

KWANZA TUJUE KAMA NI UGONJWA

Kuna uchovu wa kazi, na kuna uchovu wa ugonjwa. Usitibu ugonjwa kwa kuimba. Njoo kliniki upimwe ukiona mambo haya:

Viganja vyako na ndani ya kope vimekuwa vyeupe, unahema ukitembea kidogo, kichwa kinazunguka. Damu yako inaweza kuwa imepungua.

Una homa na baridi. Yaweza kuwa malaria.

Unakohoa wiki mbili au zaidi, unatoka jasho usiku, unakonda. Lazima tukutazame kifua.

Una mimba, na kichwa kinauma sana, macho yanaona nyota, uso na mikono vinavimba, au tumbo linauma juu chini ya mbavu. Mama, usingoje siku ya kliniki. Njoo siku ile ile, hata usiku. Hiyo ni hatari ya tensio ya mimba, inaweza kukuangusha kwa kifafa. Vilevile ukiona damu, au mtoto amepunguza kucheza tumboni.

Na hili pia ni ugonjwa, ingawa hauonekani: wiki mbili zimepita, hakuna kitu kinachokufurahisha, chakula hakina ladha, unajiona huna faida, au unatamani kufa. Hiyo si dhambi, wala si ukosefu wa imani. Mwambie mtu leo, usikae peke yako usiku huo, na uje kwetu. Nabii Eliya alipochoka mpaka akaomba kufa, hakuanza kwa kukaripiwa. Alilala, akaamshwa ale mkate na kunywa maji, akalala tena. Maneno yalikuja baadaye.

Ukiisha kupimwa na hatukuona ugonjwa, basi turudi kwenye mzigo wenyewe.

NJIA YA KWANZA: KUTIA NANGA

Wavuvi wetu wanajua jambo hili. Upepo ukivuma, nanga haiuzuii upepo. Inazuia tu mtumbwi usichukuliwe.

Moyo ukianza kwenda mbio sokoni au jikoni, fanya hivi. Bonyeza nyayo zako chini, usikie udongo au mchanga. Tazama vitu vitano ulivyo navyo mbele yako, uvitaje kimoyomoyo: beseni, mti, mtoto, jiwe, mlima. Sikiliza sauti mbili. Gusa kitambaa chako. Kisha ujiambie: "Niko hapa. Mawazo haya yapo, lakini mimi niko hapa." Dakika moja yatosha, na hakuna mtu atakayejua unafanya nini.

Si mimi niliyebuni. Shirika la Afya Duniani, ile OMS, lilitoa kitabu cha picha katika mwaka 2020 chenye mafundisho kama haya. Yalikuwa yamejaribiwa kwa wanawake karibu 700 waliokimbia vita ya Sudani Kusini wakawa wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Walikutana mara tano, wakisikiliza mafundisho yaliyorekodiwa katika lugha waliyoielewa. Miezi mitatu baadaye mateso ya moyo yalikuwa yamepungua kuliko kwa wenzao ambao hawakuhudhuria. Hawakurudishiwa nyumba zao. Walipata nanga.

NJIA YA PILI: KUPOZA UJI

Umepika uji wa moto, mtoto analia. Unafanya nini? Unaupuliza. Hupulizi kwa nguvu, maana utamwagika. Unapuliza polepole na kwa muda mrefu.

Basi pumua hivyo. Vuta hewa kwa pua, ukihesabu mpaka nne, tumbo lijae. Kisha toa kwa mdomo polepole kama unapoza uji, ukihesabu mpaka sita. Rudia mara kumi. Pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, moyo unapunguza mbio zake. Ni kama kuuambia mwili kwamba kiboko amekwenda.

Fanya kabla ya kumnyonyesha mtoto. Fanya kabla ya kumjibu mwenye deni. Na zaidi ya yote, fanya kabla mkono wako haujamfikia mtoto kwa hasira.

NJIA YA TATU: KUIMBA KAZINI

Nyanya zetu walitwanga mihogo wakiimba, mchi na mchi, mmoja anaanza na wengine wanaitikia. Sisi tulidhani wanaimba kwa sababu wana furaha. Wengi wao hawakuwa na furaha hata kidogo. Waliimba ili kazi iende, ili pumzi ziende pamoja, na ili waseme kwa wimbo mambo ambayo hawakuweza kumwambia mama mkwe usoni!

Siku hizi tunapeleka mihogo kwenye mashine. Ni vema, mikono imepona. Lakini tumepoteza kuimba pamoja, na sasa wimbo umebaki kwa kwaya siku ya Yesu kwa Yesu tu. Kila mmoja anafanya kazi kimya, na mawazo yake yanamla.

Katika mji wa London kulifanyika jaribio lililochapishwa mwaka 2018. Akina mama 134 waliokuwa na huzuni baada ya kujifungua waligawanywa. Wengine walikutana kila wiki kwa wiki kumi, wakaimba pamoja na watoto wao mikononi. Wengine walikutana kwa michezo, na wengine walipata huduma ya kawaida tu. Kati ya wale wenye huzuni kubwa, walioimba walipata nafuu upesi kuliko wa huduma ya kawaida. Unaona? Wenye hospitali kubwa na dawa nyingi wamerudi kwenye mchi wa nyanya yako.

Basi mkiwa mnaanika ndagala kwenye mchanga, mmoja aanze. Mkipalilia mahindi bondeni Ruzizi, mmoja aanze. Kama sauti yako ni mbaya, imba hivyo hivyo. Ndagala hawana masikio.

NJIA YA NNE: KITENGE MLANGONI

Njia hii nilifundishwa na mama mmoja mwenye watoto sita. Kila siku baada ya chakula cha mchana anafunga kitenge kimoja mlangoni mwa chumba chake. Watoto wanajua: kitenge kikiwa mlangoni, mama haitwi, isipokuwa kuna moto, damu, au mtoto mdogo amekwenda kando ya maji. Mtoto mkubwa anachunga wadogo uani. Mama analala chali, miguu juu ya mto au juu ya mfuko wa nguo. Mwenye mimba kubwa analala ubavu, afadhali wa kushoto. Hafanyi kitu. Dakika kumi na tano, kitenge kinatolewa, kazi inaendelea.

Nikamwuliza, "Watoto walikubali?" Akajibu, "Siku ya kwanza waliniita mara kumi. Siku ya pili mara tano. Sasa wao wenyewe wananikumbusha, kwa sababu wameona mama anatoka mwenye uso mwingine."

Majirani walimcheka. Walisema amekuwa bibi mkubwa. Leo katika uwanja ule kuna vitenge milangoni mitatu.

NJIA YA TANO: BENCHI YA KUONGEA

Sasa niwapeleke mbali kidogo, mpaka Harare katika inchi ya Zimbabwe. Huko daktari wa magonjwa ya akili, jina lake Dixon Chibanda, aliona watu wengi wanateseka na waganga wa kuwasaidia ni wachache sana. Hakuwa na nyumba ya kuwatibia. Mwaka 2006 akaanza na wanawake wazee 14 wa mtaa wa Mbare, akawafundisha kusikiliza. Akaweka benchi za mbao nje ya kliniki, chini ya miti. Mtu mwenye mzigo anakuja, anaketi karibu na mama mzee, anaongea.

Hapo mwanzo benchi ile iliitwa kwa jina la ugonjwa wa akili, na watu wakaogopa kuikalia. Wale wazee wakashauri iitwe benchi ya urafiki. Ndipo watu wakaja. Nao hawasemi maneno magumu ya hospitali. Katika lugha ya Kishona wanasema kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi. Je, sisi hatusemi vilevile, "Niko na mawazo mengi"?

Mzee anafanya kazi hivi. Kwanza anasikiliza bila kukatiza, mpaka mgeni amwage yote. Kisha wanahesabu shida zake moja moja. Kisha mgeni mwenyewe anachagua shida moja tu, na wanatafuta hatua moja ndogo inayowezekana wiki hii. Wiki nyingine anarudi kusema imekwendaje. Matokeo yalipimwa kwa watu 573 katika kliniki 24 za Harare, yakachapishwa mwaka 2016. Baada ya miezi sita, walioketi benchini walikuwa wamepata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Mtasema, hayo ni ya Zimbabwe. Basi sikieni ya hapa Kivu. Wanawake 405 wa vijiji 15, waliobakwa au walioshuhudia ubakaji katika miaka ya vita, walifuatwa na wachunguzi, na habari zao zikachapishwa mwaka 2013. Wale waliokutana katika vikundi vidogo, wakiongozwa na wanawake Wakongomani waliofundishwa kazi hiyo, walipona zaidi kuliko wale waliosaidiwa mmoja mmoja. Mzigo wao ulikuwa mzito kuliko huu ninaosema leo. Lakini tunajifunza kwamba hata huku kwetu, mwanamke anaweza kumbeba mwenzake kwa masikio.

Chagua mtu wako wa benchi. Asiwe mwenye kupeleka maneno kisimani. Mwambie, "Dada, sitaki unipe shauri kwanza. Nisikilize." Na wewe ukiitwa kusikiliza, usiseme upesi, "Hata mimi niko na shida." Ngoja. Zamu yako itafika.

NJIA YA SITA: KUGEUZA MZIGO

Nimeacha hii mwisho kwa sababu ndiyo ngumu. Pumzi hailipi deni, na wimbo hauchoti maji. Kama mzigo ni wa watu watatu na unabebwa na mmoja, siku moja utamvunja, hata aimbe kama malaika.

Tunajua likilemba ya pesa: kila mmoja anatoa kidogo, na kwa zamu mmoja anapokea yote. Kwa nini tusiwe na likilemba ya mikono? Akina mama wanne wa uwanja mmoja wanaweza kupatana: siku ya kwanza mmoja anabaki na watoto wa wote, watatu wanakwenda shamba au sokoni. Kesho mwingine. Au mmoja anakwenda kwenye mitumbwi kununua ndagala za wote wanne, na watatu wanalala mpaka saa kumi na mbili. Katika siku nne, unaamka saa kumi ya usiku mara moja tu. Andikeni zamu, mshike hesabu ya pesa vizuri, msidanganyane.

Na mtoto wako wa kiume wa miaka kumi na miwili, je, hana mikono? Bidoni haiulizi kama wewe ni kijana au msichana. Mfundishe kuchota na kufua. Bibi atakayemwoa atakushukuru.

Na ninyi wababa mtakaosomewa karatasi hii jioni, sikieni maneno ya heshima. Mwanaume akibeba maji, watu wanacheka siku mbili. Siku ya tatu wamezoea. Bibi yako akianguka, kicheko cha watu hakitakulelea watoto. Kama una mtumbwi, unajua kwamba ukijaza mzigo wote upande mmoja, hauendi mbali. Nyumba ni vilevile.

NJIA ZINAZODANGANYA

Kuna vitu vinavyoahidi kuondoa uchovu na havisemi kweli.

Kanyanga inakulaza usiku, lakini inakuamsha na moyo mzito zaidi na mfuko mtupu. Kama una mimba, mtoto anakunywa pamoja nawe.

Vidonge vya usingizi vinavyouzwa sokoni bila karatasi ya munganga vinaweza kukufunga. Leo kimoja, kesho viwili, mwishowe hulali bila hivyo. Na mama anayenyonyesha anampitishia mtoto.

Serumu ya nguvu, ile maji ya mshipa wanayolipa watu bila ugonjwa wowote, haina nguvu ya kubeba beseni. Ndani yake kuna maji, pamoja na sukari au chumvi. Mama, kwa pesa ile nunua maharagi, mayai na sombe, ule wewe mwenyewe, usiwagawie wengine yote halafu ukaramba chungu.

Na kumpiga mtoto hakupunguzi mzigo. Kunaupeleka tu kwa mdogo kuliko wewe.

KAMA WATU WATASEMA

Mtaniambia, "Munganga, watu watasema mimi ni mvivu. Watasema nimekuwa wazimu, ninapuliza hewa na kutaja mawe."

Nawajibu. Uvivu ni kukataa kazi iliyo yako. Wewe umefanya yako, na ya mwingine, na ya tatu. Mwenye jembe analinoa, na hakuna anayesema jembe linapolala juu ya jiwe la kunolea ni jembe vivu. Linanolewa.

YULE MAMA

Najua mnataka kujua habari za yule mama. Siwezi kuwadanganya kwamba shida zake zimekwisha. Bado anauza ndagala, na kodi ya nyumba bado iko. Siku ile sikumpa vidonge. Nilimwita muuguzi mwenzangu, tukaongea naye muda mrefu, tukamwomba asilale peke yake. Dada yake akaja kukaa naye. Alirudi kwetu kila wiki, na kila wiki tulichagua shida moja.

Ya kwanza aliyoichagua haikuwa deni wala bwana yake. Alisema, "Nataka kulala mpaka alfajiri, siku mbili katika juma." Tukamsaidia kuongea na wauza ndagala wawili wa mtaa wake. Wakaanza zamu. Mwezi wa pili akaanza kula jioni. Mwezi wa tatu nilimsikia barabarani kabla sijamwona. Alikuwa na wenzake, mabeseni kichwani, naye ndiye aliyeanzisha wimbo.

Nilimwuliza, "Mama, bado unaomba kusikuche?" Akanyamaza kidogo, akasema, "Siku nyingine mawazo hayo yanapita. Lakini sasa nikiyaona, najua mlango wa kugonga."

Hilo ndilo nililotaka mwende nalo nyumbani. Leo, kabla hamjaondoka, kila mmoja amtazame aliyekaa kando yake kwenye benchi hii. Mwulize jina lake na anakotoka. Kisha mwambie, "Nihesabie siku yako." Tutaanza kupima watoto mkiisha kusikilizana.

Mungu awalinde njiani.

MASWALI YA KUONGEA PAMOJA

1. Hesabu kazi zako tangu kuamka mpaka kulala. Ni kazi gani moja inayoweza kufanywa na mtu mwingine wa nyumba yako?

2. Ni dalili gani za mwanamke mwenye mimba zinazomlazimu kuja siku ile ile?

3. Nani anaweza kuwa mtu wako wa benchi? Kwa nini umemchagua yeye?

4. Akina mama wa uwanja wenu wanaweza kuanza likilemba ya mikono kwa kazi gani?

5. Jirani akikuambia, "Naomba kusikuche," utafanya nini usiku huo huo?